Mtoto ni Zawadi, Nasaba ni Amana: Majibu ya Karatasi Nne Kuhusu Uzazi na Malezi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone la maji, akampa masikio na macho, akamjaalia jamaa wa kumpokea na kumlea. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), yatima aliyelelewa nyumbani kwa ami yake, pamoja na ahali zake na maswahaba wake wote. Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, kumcha Allah kwa siri na kwa dhahiri. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, sanduku la maswali lililoko mlangoni mwa msala wetu huwa linajaa karatasi za mambo yale yale: mkopo wenye riba, uchumba, mtihani uliopangwa saa ya Ijumaa. Muhula huu zilitoka karatasi nne zilizogusa jambo moja, nazo zilikuwa nzito. Ya kwanza iliuliza kama kupata mtoto kwa IVF ni halali. Ya pili ilitoka kwa dada ambaye ndugu yake ameolewa miaka sita hapa Busia, hajajaaliwa mtoto, na mama mkwe amekwisha kumwambia afunge mizigo. Ya tatu iliuliza kama Mwislamu anaweza kuchukua mtoto asiyemzaa akamfanya wake. Ya nne, iliyoandikwa kwa herufi ndogo sana, iliuliza hivi: huko nje wapo watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja na kupata watoto kwa njia hizi hizi za hospitali; dini yetu inasemaje, na tuwatendee vipi walio miongoni mwetu?

Nimeombwa na wahariri niyaandike majibu niliyoyatoa kwenye darsa. Mimi naishi Tororo, kazi yangu ni ya maabara, na kila Alhamisi baada ya Magharibi nafundisha darsa Busia. Kwa hiyo nitasema kama mtu anayeshika hadubini asubuhi na msahafu jioni, na nitaanza na karatasi ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoa machozi.

Kukosa mtoto si laana

Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50, Allah anatufahamisha kwamba ufalme wa mbingu na ardhi ni wake. Humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia wote wawili, na amtakaye humfanya asizae. Zingatieni mpangilio huo. Asiyezaa ametajwa katika orodha moja na aliyezaa, chini ya elimu moja na uwezo mmoja. Hakutajwa katika orodha ya wenye dhambi.

Kisha tazameni ni nani waliopitia mtihani huu. Nabii Ibrahim (A.S.) alizeeka pamoja na Bibi Sara kabla malaika hawajawaletea bishara ya Is-haka, na mama yule alistaajabu kwa sababu ya umri wake. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba kwa sauti ya chini, mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, asiachwe peke yake. Na mama yetu Bibi Aisha (R.A.), mwanachuoni aliyesomesha maswahaba, hakuzaa kabisa. Mtume (S.A.W.) hakumwacha wala hakumsimanga. Alimpa lakabu ya Ummu Abdillahi, kwa jina la mtoto wa dada yake, ili naye aitwe mama kama wanawake wenzake.

Sasa linganisheni na mitaani kwetu. Mwezi wa tatu baada ya harusi mawifi wameanza kulitazama tumbo. Mwaka wa pili jina linabadilika. Hapana tena "shemeji", ni "yule tasa". Mwaka wa nne mwanamume anatafutiwa mke wa pili bila mtu hata mmoja kuuliza kama yeye mwenyewe amepimwa. Nawaambia bila kificho: anayemwita dada yake Mwislamu tasa kwa kumkebehi amevunja makatazo ya Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ya kudharauliana na kuitana majina mabaya, hata kama amevaa kanzu nyeupe na yuko safu ya kwanza.

Tafuteni dawa, nyote wawili

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Kwa hiyo kutafuta tiba ya uzazi hakupingani na kuridhika na kadari. Zakariya aliomba, na katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 90, tunafahamishwa kuwa Allah alimtengenezea mkewe. Wafasiri wengi wameielewa hivyo: mke aliyekuwa hazai akafanywa aweze kuzaa. Dua ilijibiwa ndani ya mwili wa mwanadamu, mahali pale pale daktari anapofanyia kazi.

Madaktari husema kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokaa miezi 12 wakikutana kawaida bila kinga na mimba isipatikane. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila sita duniani hupatwa na hali hiyo katika maisha yake. Mmoja kati ya sita! Hesabuni watu wa safu moja ya swala, mtaona kwamba jambo hili halipo mbali nasi.

Na sababu zake? Upande wa mwanamke, katika nchi zetu za Afrika, sababu kubwa ni kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na maambukizo yasiyotibiwa mapema, kama kisonono na klamidia, au maambukizo yanayofuata kuzaa na kuharibika kwa mimba. Kifua kikuu nacho huweza kushuka hadi kwenye mirija. Upande wa mwanamume, mbegu zinaweza kuwa chache, dhaifu au zisiwepo kabisa. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe.

Hapo ndipo kazi yangu ya maabara inaponifundisha tabia za watu. Kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi na bei yake ni nafuu kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Mwanamume hukaa siku mbili hadi saba bila kukutana na mkewe, kisha huleta kielelezo kwenye kikopo. Basi. Lakini nimeona mke akipigwa eksirei ya mirija, akanyweshwa mizizi kutoka pande zote mbili za mpaka, akapelekwa kwa mganga aliyemwambia achinje kuku mweusi, naye mume, mfanyakazi wa forodha mwenye heshima zake, bado anasema kikopo kile ni aibu. Akaoa mke wa pili. Miaka mitatu ikapita, naye hakushika mimba. Alipokuja hatimaye kupimwa, hapakuonekana hata mbegu moja. Kufikia siku hiyo mke wa kwanza alikuwa amekwisha kupewa talaka yake na kurudi kwao na jina la utasa.

Ndugu zangu wanaume, hiyo ni dhulma, na dhulma ni giza Siku ya Kiyama. Anayetaka kutoa hukumu juu ya mkewe na asikilize kwanza ushahidi dhidi ya nafsi yake. Na kumwendea mganga wa kuku mweusi ni shirki, hata kama ameandika aya kwenye karatasi na kukuambia uioshe uinywe.

Neno moja zaidi kabla hatujaendelea. Mipakani, Busia na Malaba, malori hulala kwa siku kadhaa, madereva wako mbali na wake zao, na magonjwa ya zinaa husafiri pamoja na mizigo. Uislamu ulipoufunga mlango wa zinaa uliilinda pia mirija ya uzazi ya binti ambaye hajazaliwa bado. Lakini msimhukumu kila mwenye mirija iliyoziba. Wengi wao hawakumjua mwanamume mwingine ila mume wao. Maradhi waliletewa ndani ya nyumba.

IVF: nini halali na nini haramu

Sasa karatasi ya kwanza. IVF ni kuchukua yai la mwanamke na mbegu za mwanamume, kuzikutanisha kwenye maabara, kisha kuurudisha mimba changa tumboni. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Uganda ilimpata wake mwaka 2004 katika hospitali ya uzazi ya Bukoto, Kampala, na Kenya ikafuata mwaka 2006 mjini Nairobi. Kwa hiyo si jambo la wazungu tu tena. Mtu wa Tororo anaweza kupanda basi alfajiri na mchana akawa mbele ya daktari anayelifanya, ingawa gharama yake ni mamilioni ya shilingi na haina dhamana ya kufanikiwa.

Wanazuoni hawakulala. Machi 1980, Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa iliyoruhusu jambo hili baina ya mume na mke, na kulikataza kila anapoingia mtu wa tatu. Oktoba 1986, Majmaa ya Fiqhi ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ilikutana Amman, Jordan, ikazichambua njia saba zilizokuwa zikijulikana. Jumuiya hiyo ndiyo iliyosimama nyuma ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilichofunguliwa mwaka 1988, kwa hiyo uamuzi wake si wa ugenini kwetu.

Njia mbili ziliruhusiwa panapokuwa na haja. Ya kwanza, mbegu za mume kuingizwa na daktari katika mfuko wa uzazi wa mkewe. Ya pili, yai la mke na mbegu za mume kukutanishwa nje na kurudishwa katika tumbo la mke huyo huyo. Sharti ni kwamba ndoa iwe hai na kila tahadhari ichukuliwe vielelezo visichanganywe. Wengi wakaongeza: ikiwa mume amefariki au talaka imekamilika, mbegu zilizogandishwa hazitumiki tena, kwa maana ndoa imekwisha.

Njia tano zilikatazwa: mbegu za mwanamume mwingine kwa yai la mke, yai la mwanamke mwingine kwa mbegu za mume, mbegu na yai vyote kutoka kwa wageni, kisha mke akabeba, mimba ya mume na mke kuwekwa katika tumbo la mwanamke aliyekodiwa, na mimba hiyo kuwekwa katika tumbo la mke mwenza. Hii ya mwisho iliwapa shida hata wanazuoni. Baraza la Fiqhi la Makka liliiruhusu mwaka 1984, kisha mwaka uliofuata likaiondoa ruhusa hiyo, kwa kuhofia kuchanganyika kwa mimba na kutojulikana mama ni yupi. Kwa ndugu zetu wa madhehebu ya Shia ipo mitazamo mingine. Mwaka 1999 Ayatollah Khamenei wa Iran aliruhusu kupokea mbegu au yai la mtu wa tatu kwa masharti. Nawatajia ili mkilisikia msishangae wala msigombane. Ninachowaeleza hapa ni msimamo wa wanazuoni wa Sunni.

Kwa nini ukali wote huu juu ya mtu wa tatu? Fungueni Surat Al-Furqan. Katika aya ya 53 Allah anatutajia bahari mbili zinazokutana, moja tamu na moja ya chumvi, na kizuizi alichokiweka baina yao. Aya inayofuata moja kwa moja inasema juu ya mwanadamu aliyeumbwa kwa maji, kisha akawekewa udugu wa nasaba na udugu wa ndoa. Sisi watu wa Busia tunapaswa kuielewa aya hii upesi kuliko wengine. Mji wetu ni mmoja na nchi ni mbili. Wasamia wako huku na huku, Wateso wako huku na huku, tunaoana, tunazikana. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa, msafiri humalizana na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo mpaka haukufutwa. Upo, na haukuwekwa kwa chuki. Upo ili ijulikane nani ni raia wa wapi na nani anawajibika kwa nani. Nasaba ni hivyo hivyo. Ndoa ndiyo kivuko halali cha maji yale mawili, na mtoto anayepita hapo anajua baba yake, mama yake, mirathi yake, na nani hawezi kumwoa.

Msidhani haya ni ya vitabuni tu. Mwaka 2023 Uganda nzima ilikuwa ikizungumzia vipimo vya DNA, wanaume wakimiminika kujua kama watoto ni wao, na nyumba zikavunjika. Watu wanaosema nasaba si kitu hawakuwaona watoto waliokaa kwenye korido wakisubiri karatasi iwaambie kama bado wana baba.

Na nyinyi mnaosomea sheria, kuna kazi inayowangoja. Mheshimiwa Sarah Opendi, akiwa mbunge mwanamke wa wilaya hii yetu ya Tororo, aliwasilisha bungeni Uganda mswada wa mwaka 2023 wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa: zahanati, utoaji wa mbegu na mayai, na ukodishaji wa tumbo. Ng'ambo ya pili, mheshimiwa Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini amebeba mswada wa aina hiyo nchini Kenya. Someni miswada hiyo. Mahali pasipo na sheria, mnyonge ndiye huumia: binti maskini anayelaghaiwa akauza mayai yake, mama anayebeba mimba ya tajiri kisha akatupwa, mume na mke wanaochukuliwa shamba lao lote na mtu asiye na ujuzi.

Karatasi yenye herufi ndogo

Nakuja kwenye karatasi ya nne, na nitaijibu kwa adabu kama ilivyoulizwa kwa adabu.

Ni kweli kwamba Ulaya na Marekani wanawake wawili wanaoishi pamoja hupata mtoto kwa mbegu za mtoaji, na wanaume wawili kwa yai la mtoaji na tumbo la mwanamke mwingine. Jibu la fiqhi limo katika yale tuliyokwisha kuyasema. Ndoa katika Uislamu ni ya mwanamume na mwanamke, na uhusiano wa jinsia moja umekatazwa kwa kauli ya wanazuoni wa madhehebu zote. Hilo siwezi kulipunguza ili nipendwe. Lakini tazameni pia kwamba mlango wa mtu wa tatu haukufungiwa wao peke yao. Umefungiwa hata bwana na bibi waliooana kwa walii, mashahidi na mahari, wanaolia usiku kwa kukosa mtoto. Kwa hiyo asisimame mtu akaitumia hukumu hii kama fimbo ya kuwachapia watu fulani, huku akimnong'oneza kaka yake tajiri kwamba mbegu za kununua hazina neno.

La pili, mtoto. Mtoto aliyezaliwa kwa njia yoyote ile, ya halali au ya haramu, kwenye maabara au vichakani, hana dhambi hata chembe. Qur'ani imekariri mahali pengi kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Akija darasani kwako, mfundishe. Akija msikitini, msogezee nafasi. Anayemnyooshea kidole mtoto kwa kisa cha wazazi wake amepingana na Kitabu.

La tatu, na hili ndilo nadhani mwandishi alilitaka. Mtu anaweza kuwa na mwelekeo moyoni ambao hakuuchagua na hamwambii mtu. Wanazuoni wametofautisha kati ya linalopita moyoni na linalotendwa na viungo. Anayeipigania nafsi yake ana ujira kwa mapambano yake, na mlango wa msala huu haujafungwa kwake. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria yenye adhabu kali mno, hadi kifo kwa baadhi ya makosa, na tangu hapo nasikia vijana wakichungulia simu za wenzao hosteli, wakipiga picha, wakitishia kupeleka majina ili walipwe. Wallahi hiyo si amri njema wala makatazo ya maovu. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana na kusengenyana, na imeifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Kumpiga mtu, kumvua nguo, kumtoza pesa kwa vitisho ni haramu, yeyote awaye anayetendewa.

Nanyi wazazi mtakaosoma gazeti hili mikononi mwa watoto wenu: msimwozeshe kijana haraka haraka ili kufunika jambo, mkamchukua binti wa watu asiyejua kitu. Kuficha aibu ndani ya ndoa ya mtu mwingine ni ghushi, na atakayelipa ni binti yule, atakayeitwa tasa kwa kosa lisilo lake.

Kafala: mlango uliosahauliwa

Imebaki karatasi ya tatu. Kuna wenye tatizo ambalo tiba imeshindwa, au fedha hazikutosha. Je, hawana njia? Wanayo, na ni njia aliyoipita Mtume (S.A.W.) pande zote mbili: alilelewa yatima, kisha akalea.

Uislamu umekataza kubadili nasaba. Zayd bin Haritha (R.A.) alikuwa akiitwa Zayd mwana wa Muhammad, mpaka iliposhuka Surat Al-Ahzab, aya ya 5, ikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ndugu katika dini. Lakini kilichokatazwa ni jina la uongo, malezi hayakukatazwa. Malezi hayo huitwa kafala, na Mtume (S.A.W.) alivikutanisha vidole viwili kuonyesha ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kuwa njia halali ya malezi. Kwa hiyo nendeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii, fuateni mahakama. Mtoto hachukuliwi kwa siri nyuma ya wodi usiku.

Wengi hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni umahram: mtoto akibaleghe, itakuwaje ndani ya nyumba? Dawa yake ni kunyonya. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i tunayoyafuata wengi Afrika Mashariki, mtoto akinyonya mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wa kunyonya, na kinachoharamika kwa nasaba huharamika kwa kunyonya. Ukimchukua mtoto wa kike, anyonyeshwe na dada wa mume, basi mume atakuwa mjomba wake. Ukimchukua wa kiume, anyonyeshwe na dada wa mke, basi mke atakuwa khaloo yake. Hospitali siku hizi zinaweza pia kumsaidia mama ambaye hakuzaa atoe maziwa. Hapo muulizeni mwanachuoni ufafanuzi, kwa kuwa madhehebu yametofautiana.

La pili ni mirathi. Mtoto wa kafala harithi kwa fungu, lakini hakunyimwa. Unaweza kumpa zawadi ukiwa hai, na unaweza kumwandikia wasia hadi theluthi moja ya mali yako. Mtoto halisi wa kumzaa hapati wasia juu ya fungu lake. Huyu wa kafala anapata. Andikeni mapema, mashahidi wawepo, kwa sababu ndugu wa marehemu huwa wapole mpaka siku ya kugawa ng'ombe.

Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mke wa Firauni, Bibi Asiya, hakumzaa Musa. Alimwokota majini, akasema huyu awe kitulizo cha macho yetu, na leo ametajwa miongoni mwa wanawake bora wa Peponi.

Wasia kwa mnaojiandaa kuoa na kuolewa

Vijana wangu, mambo matano mchukue. Kubalianeni kabla ya nikahi kwamba mkichelewa kupata mtoto mtapimwa wote wawili, na mume ndiye atakayetangulia kwa kuwa kipimo chake ni chepesi. Tibuni maambukizo mapema, msiyafiche kwa aibu. Mkihitaji IVF, muulizeni daktari kwa maneno wazi: mbegu za nani, yai la nani, tumbo la nani, na vitakavyobaki vitafanywa nini. Msimwache mwenzenu asimame peke yake mbele ya jamaa zenu. Mume anayenyamaza mama yake anapomtukana mkewe ameshiriki tusi lile. Na mkiwa na uwezo, jueni kwamba yupo mtoto kati ya Tororo na Busia anayehitaji mtu wa kumwita baba mlezi.

Kwa yule dada aliyeandika karatasi ya pili: mwambie ndugu yako hajafanya kosa. Mwambie aende na mumewe wapimwe wote wawili, na akikataa, awaite wasuluhishi kutoka kwake na kwa mume kama Surat An-Nisaa, aya ya 35, ilivyoelekeza. Na mlango wa nyumbani kwenu ubaki wazi kwake, akae huku au huko, bila kuulizwa amerudi na nini mkononi.

Ewe Mola, uliyemsikia Zakariya alipokuita kwa sauti ya chini, wasikie wanaokuita usiku huu pande zote za mpaka. Wajaalie wanaotaka watoto watoto wema, wajaalie usiowapa vifua vyenye utulivu na mikono yenye malezi. Wape mayatima wetu nyumba, na uzisafishe ndimi zetu zisimuumize mtu kwa jambo lililo mikononi mwako peke yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.